Kilio ni baada ya kufunga sanduku

Oktoba 1999 nilikuwa darasa la sita, kijijini kwetu juu ya Mlalo, wilaya ya Lushoto. Bibi alikuwa na redio ndogo ya betri nne, na betri zikichoka alizitoa akazianika juani juu ya bati ili zijikongoje siku mbili zaidi. Wiki ile zilianikwa kila siku. Mwalimu Nyerere alikuwa amefariki tarehe 14 kule London, na mpaka alipozikwa Butiama tarehe 23, Redio Tanzania ilikuwa ni kwaya, salamu za rambirambi na bendi ya jeshi. Majirani walikuja kukaa ukumbini kwetu. Nje ukungu, ndani moshi wa jiko, na redio katikati ya mkeka kama mgonjwa anayeangaliwa.

Bendi ilipopiga kwa mwendo wa pole nikasikia kitu. Juu kabisa zilikuwa tarumbeta, hizo kila mtu anazisikia. Chini kulikuwa na mngurumo wa ngoma na wa tuba, lile tarumbeta kubwa la besi. Katikati yao palikuwa na sauti nyingine, nene na laini, inayotembea njia yake yenyewe. Ilikuwa kama mtu mzima anayeimba huku amefumba mdomo. Nikamuuliza bibi, "Bibi, hiyo ni nini?" Akanijibu, "Ni jeshi, mjukuu wangu." Nikalibeba jibu hilo miaka saba, mpaka nikaenda jeshini kuitafuta.

Inaitwa yufoniamu, chombo cha shaba cha kupuliza. Jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake mwenye sauti nzuri. Nimeipiga katika bendi ya jeshi kwa miaka kumi na minane, na leo nataka kuandika juu yake kwa sababu wengi wanaokuja kwenye sherehe za taifa wameisikia maisha yao yote bila kujua kwamba wameisikia.

Ila sikuanzia jeshini. Mlalo si mahali pageni kwa vyombo vya shaba. Wamisionari wa Kijerumani walifungua kituo pale mwaka 1891, na Walutheri wa Kijerumani wana desturi ya kwaya za matarumbeta: haimbi mtu, ni shaba tupu, sauti nne, wanapiga nyimbo za kitabu kama zilivyoandikwa. Desturi hiyo ilibaki Usambara, Kilimanjaro na kwingineko hata Wajerumani walipoondoka. Kwetu, alfajiri ya Pasaka kabla jua halijatoka, matarumbeta yanapigwa makaburini. Mtu ambaye hajasimama kwenye ile baridi, vidole vimekufa ganzi juu ya pistoni, vile vibonyezo vya chombo, akasikia sauti ya nne ikiingia huku bonde lote limelala, mimi siwezi kumweleza Pasaka ni nini.

Mzee aliyekuwa anafundisha alinipa kwanza tarumbeta, baadaye akanihamishia chombo kilichokuwa kinaitwa bariton. Kilikuwa na pistoni tatu, kimebonyea ubavuni, na kimezibwa kwa risasi iliyoyeyushwa sehemu mbili. Alikuwa na msimamo mmoja ambao wakati ule niliuona ni adhabu: kila mtoto lazima ajue sauti zote nne za kila wimbo, kwa kichwa. "Mwenzako akiugua siku ya ibada, utamwambia Mungu asubiri?" Kwa hiyo nikajua soprano, alto, tenori na besi za nyimbo zisizo na idadi. Nilidhani ninajifunza vitu ambavyo sitavihitaji.

Mwaka 2006 nikaingia jeshini, na baada ya mafunzo ya ukuruti wakauliza nani anajua kupuliza. Nikanyoosha mkono. Nilipelekwa kwenye chumba kirefu chenye mapangaboi mawili, na kwa mara ya kwanza nikapakatishwa yufoniamu. Ilikuwa na uzito wa kilo nne na zaidi, kengele yake, yaani mdomo mpana wa kutolea sauti, inaelekea juu, na pistoni ya nne iko peke yake pembeni, inabonyezwa kwa kidole cha mkono wa kushoto. Niliinusa. Ilinukia mafuta ya pistoni na shaba, harufu ileile ya Mlalo. Nikajiona nimefika nyumbani.

Wakaweka karatasi mbele yangu, kondakta akainua kijiti, tukaanza. Baada ya noti mbili nikajua kuna jambo baya sana linatokea na kwamba linatoka kwangu.

Nieleze, maana hapa vijana wengi wa kanisani wanaoingia bendi za majeshi hukwama. Katika kwaya za matarumbeta za Kijerumani, noti inaandikwa kama inavyosikika. Ukiona C, unatoa C, basi, hata kama chombo chako ni cha B flati, yaani usipobonyeza kitu kinatoa B flati, na kwa hiyo C inahitaji pistoni ya kwanza na ya tatu. Bendi za kijeshi za kwetu zimerithi mtindo wa Kiingereza, ambapo sauti ya yufoniamu ikiandikwa kwa ufunguo wa sol (alama ya noti za juu), C ya kwenye karatasi ni chombo kitupu, hubonyezi kitu, na kinachosikika ni B flati. Kwa hiyo mimi nilikuwa napiga kila noti juu zaidi ya wenzangu kwa toni moja nzima, kwa uaminifu kabisa, kwa sauti kubwa, nikiamini kwamba wao wote wamepotea.

Sajini aliyekuwa mkuu wa kundi letu akainua mkono. Nilitegemea matusi. Alikuwa mtu wa Tabora, mfupi, asiyepandisha sauti hata kwenye uwanja wa gwaride. Akaniuliza, "Ulijifunzia kanisani?"

"Ndiyo, afande."

"Kanisani kwenu C ni C. Hapa C ni B flati. Kesho njoo umesahau."

Haikuwa kesho. Ilinichukua miezi mitatu vidole kukubali. Siku hizi niko Mlalo tena, na Jumamosi ninafundisha watoto wa kwaya ileile. Kuna binti wa miaka kumi na mitatu, ana pumzi ambayo sijaiona kwa watu wazima wengi. Yeye nimemfundisha njia zote mbili tangu mwanzo, kama mtoto anayekua na Kisambaa cha nyumbani na Kiswahili cha shuleni. Hachanganyi hata mara moja. Nikimtazama nawaza kwamba sikuwa na haja ya kusahau kitu. Lakini nitafika huko.

Sajini alinifundisha kupumua. Alinilaza chali kwenye sakafu ya saruji akaniwekea tofali la kuchoma juu ya tumbo. "Tofali lipande kabla kifua hakijapanda." Nusu saa kila alfajiri. Kisha noti ndefu: noti moja, kwa ulaini, bila kutetemeka, kwa kadiri pumzi inavyokwenda, halafu nyingine. Majuma mazima sikupiga wimbo. Yufoniamu ina bomba la karibu mita mbili na sabini, sawa na trombo, ile ya kusukuma na kuvuta, ila la trombo limenyooka kwa unene sehemu kubwa ya safari yake, la yufoniamu linazidi kutanuka tangu karibu na mwanzo hadi kwenye kengele. Ule utanukaji ndio unaofanya sauti iwe nene na isiwe na makali. Lakini unadai hewa. Ukiinyima hewa inakuwa kama mtu anayezungumza akiwa na homa.

Na ile pistoni ya nne niliyoikuta pembeni ina hadithi yake. Kila pistoni ikibonyezwa inaongeza kipande cha bomba ili sauti ishuke. Tatizo ni kwamba ukibonyeza mbili tatu kwa pamoja, vipande hivyo havitoshi tena, kwa sababu bomba lote limekwishakuwa refu na kila hatua ya kushuka sasa inadai urefu zaidi. Ni kama kukata kitambaa cha mikono kwa kipimo cha mtoto halafu ukamshonea baba yake. Sauti inakuwa juu kidogo, inakera. Mwaka 1874 fundi mmoja wa Uingereza, David Blaikley, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha Boosey, akapata dawa yake: hewa irudishwe ipite mara ya pili kwenye pistoni na kuchukua vijibomba vya nyongeza, vile vile vinavyokosekana. Mpigaji hafanyi lolote, chombo kinajirekebisha chenyewe. Pistoni ya nne pamoja na ufundi huo ndivyo vinavyoiwezesha yufoniamu kushuka hadi kwenye nyumba ya tuba bila kupotoka. Bariton ya Mlalo ilikuwa inaishia kwenye E. Chini ya hapo ni ukuta.

Watu wanaiona bendi uwanjani kwa saa moja wakadhani ndiyo kazi. Sherehe ikianza saa tatu asubuhi, sisi tumeamka saa tisa usiku. Dar es Salaam mwezi wa Desemba shaba inapata moto mpaka inachoma mkono wa kushoto unaoikumbatia, na ikipata moto sauti yake inapanda. Sote tunapanda, lakini hatupandi sawasawa, kwa hiyo kila ukisimama kimya dakika ishirini unapaswa kupuliza hewa kimyakimya ndani ya chombo ili kisikutoroke. Monduli, kwenye chuo cha kijeshi, asubuhi ya kutunuku kamisheni maofisa wapya, ni kinyume: baridi inaishusha. Ukitembea kwa hatua kama 120 kwa dakika, kila kisigino kinachogusa chini kinausukuma mdomo wa kupulizia kwenye meno. Unajifunza kukanyaga kwa mguu mzito lakini shingo nyepesi. Ukisimama, usifunge magoti. Nimeona wenye vifua vipana wakianguka kama magogo kwa sababu walikaza magoti na damu ikakataa kupanda.

Kisha kuna mizinga 21. Wimbo wa Taifa unapigwa huku mizinga inalia, na mizinga haijui mapigo yetu. Iko mbali, na sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo unaisikia ikiwa imechelewa, na inapiga pale inapopiga. Sikio linataka kuifuata. Ukiifuata umekwisha. Sajini alituambia siku ya kwanza: siku ya mizinga wewe huna masikio, una macho tu, na macho yako yako kwenye mkono wa kondakta.

Nikitaja kazi ya yufoniamu kwenye wimbo, wapenda mpira hunielewa haraka nikisema ni kiraka. Kuna wakati inasaidia tarumbeta na wimbo mkuu, oktavo moja (noti nane) chini, na msikilizaji anasema tarumbeta leo ni nzuri. Kuna wakati inashikana na tuba. Na kwenye sehemu ya pili ya machi nyingi, zile nyimbo za gwaride, inaachiwa wimbo wake yenyewe, unaopanda tarumbeta zinaposhuka na kushuka zinapopanda. Hapo ndipo nilipoikuta ile sauti ya redio ya bibi. Mara ya kwanza nilipopewa sehemu kama hiyo mbele ya watu nilishindwa kulala usiku ule.

Wa kwanza kufurahi kwetu alikuwa babu, baba yake mama. Alikuwa askari wa KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki, alifika Burma wakati wa vita ya pili. Alizaliwa Tanga, na Tanga ya ujana wake ilikuwa ya beni. Wasiojua: beni ni neno la Kiingereza la bendi lililobatizwa na watu wa pwani. Ngoma hiyo ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, watu walipoona bendi za kijeshi na za misheni wakatengeneza zao, wakavaa sare, wakapeana vyeo, wakagawanyika pande zinazoshindana. Arinoti na Marini ndizo zilizovuma zaidi, na zilifuata askari na wapagazi wa vita ya kwanza hadi bara. Unguja hadi leo bibi harusi anaweza kusindikizwa na beni. Vitabu vingine husema ilikuwa kuiga wazungu. Babu alichukia sana neno kuiga. "Tulichukua tarumbeta," alisema, "tukaiambia sisi ni nani." Nilipomletea picha yangu nikiwa na sare na yufoniamu, aliishika muda mrefu, akauliza swali moja tu: "Na wewe wanakusikia?"

Nikamjibu kwamba hawanisikii mimi, babu, lakini nisipopiga wanasikia. Akacheka, akasema hiyo ni kazi ya kiume na ya kike.

Mazishi ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna anayekuandaa. Mazishi yangu ya kwanza yalikuwa ya askari mzee, sikumjua, lakini mjane wake alisimama karibu mno na bendi, na alikuwa na kanga ileile aliyokuwa nayo bibi. Koo likanikaba. Midomo ikatetemeka, na midomo ikitetemeka kwenye chombo cha shaba hakuna pa kujificha: nilikosa noti mbili, ya tatu ikatoka imepasuka. Tuliporudi, Sajini hakunikemea. Alinitazama nikifuta chombo akasema, "Kilio ni baada ya kufunga sanduku. Wewe ndiye unayewalilia wenzako, na ukilia wewe, wao wamenyamazishwa." Akaondoka. Alistaafu mwaka 2011, na kila nikifundisha noti ndefu ninasikia viatu vyake.

Desemba 2017 tulikuwa Dodoma kwa maandalizi ya Siku ya Uhuru. Usiku wa tarehe 7 kambi ya walinda amani wa Tanzania ilivamiwa Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo. Habari zikatufikia tarehe 8: askari wetu 14 wameuawa. Kesho yake ilikuwa tarehe 9, uwanja wa Jamhuri umejaa, na sisi tulipaswa kupiga machi za furaha. Tulizipiga. Nilitazama mkono wa kondakta kama siku ya mizinga. Sikumbuki hata noti moja ya asubuhi ile, nakumbuka kifundo cha mkono wake na saa yake.

Tarehe 14 ilikuwa Upanga, Dar es Salaam, kuwaaga. Majeneza yamefunikwa bendera, yamepangwa. Nilikuwa nimeambiwa idadi, nilikuwa nimeiandika kwenye simu, 14, lakini idadi kwenye simu na idadi ikiwa imelazwa mbele yako ni vitu viwili. Pembeni yangu alisimama mpiga tuba. Kabla ya kuhamishiwa bendi alikuwa Kongo mwaka 2013, kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kujibu mashambulizi kilipoanza, chenye Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi. Tulikuwa tumekaa karibu miaka mitatu na hakuwahi kunisimulia chochote cha kule zaidi ya mvua.

Wimbo ulikuwa wa kitabu. Niliutambua kwenye karatasi kabla hatujaanza: ule ule wa makaburini Mlalo, kwenye E flati. Tukaingia vizuri. Kwenye mstari wa pili nikahisi pembeni yangu pamekuwa pepesi. Ukikaa na tuba miaka mitatu unaizoea kwenye mbavu, na mbavu zangu zilikuwa tupu. Sikugeuka. Kwa jicho la pembeni nikaona mdomo wa chombo chake umekaa pale pale, mashavu yake yamelowa, hewa haiendi. Tuba nyingine ilikuwa mwisho wa safu, na bila yake upande wetu wote ulikuwa nyumba isiyo na msingi.

Sikuamua. Vidole vilikwenda vyenyewe. Niliacha sauti yangu nikaingia kwenye besi, ile niliyokaririshwa na mzee wa Mlalo nikiwa na miaka kumi na mitatu, kwa kichwa, kwa noti za kanisani, C ikiwa C. Karatasi mbele yangu ilisema kitu kingine kabisa, sikuitazama. Ilipofika mwisho wa mstari pale besi inaposhuka, nikabonyeza ya nne na ya kwanza, na E flati ya chini ikatoka. Nilijaza tumbo mpaka nikahisi tofali. Nikaishika noti ile hadi mkono wa kondakta ulipofunga.

Mstari wa tatu mwenzangu akarudi. Aliingia polepole, chini yangu, oktavo moja chini, na mbavu zangu zikajua. Nikamwachia besi yake nikapanda kwenye sauti yangu. Hatukutazamana.

Jioni, stoo ya vyombo, hakuna aliyewasha taa kubwa. Nilitoa maji kwenye mabomba, nikafuta pistoni moja moja, nikapitisha kitambaa ndani ya kengele. Mpiga tuba alikuwa ameshamaliza, amekaa juu ya sanduku lake, mikono juu ya magoti, ananisubiri. Nikalaza yufoniamu mahali pake. Nikashusha kifuniko. Nikafunga komeo la kwanza, nikafunga la pili.